CHETI KISICHOFUNGUA LANGO LA KAZI NI KARATASI TU

TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, walikuwako watu waliocheka. Walisema Ugogo ni nchi ya vumbi na mbuyu, nani atakwenda kukaa huko? Leo hakuna anayecheka. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo, wizara zimejengwa Mtumba, mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na mwezi wa Julai 2024 treni ya umeme ilianza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Uwanja wa ndege wa Msalato na barabara ya mzunguko ya nje, ambayo urefu wake unapita kilomita 110, ni kazi ambazo wazee wetu hawakuota kuziona.

Sisi tunafurahi. Lakini furaha isitufumbe macho. Twauliza swali moja tu: katika kazi hizi zote, kijana wa Chamwino, wa Bahi, wa Kongwa, wa Mpwapwa na wa Kondoa amesimama wapi?

Mara nyingi utamkuta chini ya ngazi na ndoo ya zege. Jina lake ni saidia fundi. Anayesoma mchoro ni mwingine, anayeshika pimamaji ni mwingine, na anayeamua nondo zisukwe vipi ni mwingine tena. Kubeba ndoo si aibu, kila fundi alianzia hapo. Aibu ni kubeba ndoo ile ile mwaka wa kumi, wakati mji mzima umejengwa mbele ya macho yako. Na aibu hiyo haimhusu kijana aliyeibeba. Inawahusu wale waliokuwa na kazi ya kumwonyesha njia ya kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye pimamaji.

Sasa tunaambiwa njia hiyo inatengenezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, imegawa elimu ya sekondari katika mikondo miwili: wa jumla na wa amali. Mwanafunzi wa amali anasoma masomo ya darasani na papo hapo anajifunza fani: ujenzi, umeme, ushonaji, kilimo na nyinginezo. Watoto wa kwanza wa mkondo huu waliingia kidato cha kwanza Januari 2024, na mwisho wa kidato chao cha nne ni mwaka 2027. Cheti cha fani watakachoshika kitakuwa kitu kipya mikononi mwa watoto wa umri huo, na nchi nzima itakitazama.

Katika kila mkutano unaohusu vyeti hivi kuna neno moja linalopendwa mno: ushirikishwaji wa waajiri. Walimu wanalisema, wakubwa wanalisema, na waajiri wenyewe wanalisema. Sisi hatulipingi neno hilo. Tunapinga kuliacha liwe neno tupu. Mwajiri akiketi mezani kutunga cheti, na ainuke akiwa na deni: atoe nafasi za mafunzo, atoe mtu wa kutahini, na aseme mwenye cheti hicho atalipwa kwa kipimo gani. Na pembeni ya mwajiri na mwalimu lazima kiwepo kiti cha tatu, cha fundi mwenyewe. Bila hayo, watoto wetu watapewa karatasi nzuri yenye muhuri, nao wataifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuitembeza kutoka lango hadi lango.

KONGWA ILITUFUNDISHA NINI

Hapa kwetu nyanda za kati tunalo somo kubwa juu ya mipango inayotungwa bila mwenye kuijua kazi. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka nchi hii kwa wiki chache, ukaandika kwamba karanga zingeweza kulimwa kwa mashine juu ya mamilioni ya ekari. Mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa. Matrekta yaliletwa, mengine machakavu ya vita, na hata vifaru vikageuzwa kuwa vya kung'olea miti. Vijana wa Kiafrika walifundishwa upesi upesi kuendesha mashine ambazo mabwana wenyewe hawakujua zingedumu siku ngapi katika nchi ile.

Kila Mgogo alijua kwamba mvua ya Kongwa ni ya kusuasua, na kwamba jua likiwaka udongo ule huwa mgumu kama tofali. Karanga ukishindwa kuzing'oa mapema, umezizika. Lakini mezani walipokaa waliopanga, Mgogo hakuwapo. Na wahenga wamesema, asiyekuwapo na lake halipo. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na pauni zipatazo milioni 36 za walipa kodi wake zilikuwa zimekwenda na vumbi.

Mtu atasema: hayo yalikuwa ya wakoloni, sisi tuna Serikali yetu. Ni kweli, na ndiyo sababu hatuna udhuru. Mkoloni aliyemwacha mkulima nje ya mlango alifuata tabia yake. Sisi tukimwacha fundi nje ya mlango, tutasema tumefuata tabia ya nani?

GREDI ZILIPOGEUZWA KICHWA CHINI

Wengi wetu tunakumbuka majaribio ya ufundi ya zamani, ambayo watu waliyaita trediteste. Fundi alianza na gredi ya tatu, akapanda hadi ya pili, akafika gredi ya kwanza. Fundi wa gredi ya kwanza alikuwa mtu mzito mtaani. Kila mwajiri alijua maana ya gredi ile, na ndiyo iliyokuwa thamani ya karatasi yake.

Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 1974 ilikwenda mbali zaidi. Ilitaka kijana aanze chuoni, kisha aendelee kujifunza kazini, ndani ya kiwanda chenyewe, chini ya fundi aliyemtangulia. Nusu ya elimu ilikuwa ya mwalimu, nusu ya kiwanda. Viwanda vya umma vilipodhoofika na kuuzwa katika miaka ya 1980 na 1990, nusu ile ya kiwandani ilianguka pamoja navyo. Chuo kikabaki na nusu yake, kikalazimika kuifanya ionekane kama nzima.

Mwaka 1994 Bunge lilipitisha Sheria Namba 1, iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA. Baadaye gredi za zamani ziliachwa, zikaja tuzo za ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tazameni sasa jambo hili, ndugu zangu. Katika gredi za zamani namba tatu ilikuwa ya chini kabisa. Katika ngazi za sasa namba tatu ndiyo ya juu. Namba ziligeuzwa kichwa chini miguu juu. Wataalamu walikuwa na sababu zao, na mafunzo yanayopima anachoweza kukifanya mtu kwa mikono ni mafunzo mazuri. Lakini nani alikwenda kwa mkandarasi wa Kibaigwa na kwa mwenye gereji wa Manyoni kuwaeleza kwamba tatu ya leo si tatu ya jana? Kijana anayeingia kwa mwajiri aliyezoea ya zamani, akamwonyesha ngazi ya tatu aliyoitolea jasho, anaweza kupimwa kama mwanafunzi wa mwanzo.

Cheti ni ahadi kati ya watu watatu: aliyefundisha, aliyefundishwa, na atakayelipa. Ukibadilisha maneno ya ahadi lazima watu wote watatu wajue. Hili ndilo tunalotaka lisirudiwe kwa cheti cha amali.

TOZO IMESHUKA, LANGO LIMEFUNGULIWA?

Sasa tuwageukie waajiri, nasi tutasema nao kwa haki.

Chini ya sheria ile ya 1994, waajiri hutoa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayohesabiwa kwa asilimia ya mishahara wanayolipa. Waajiri walilalamika miaka mingi kwamba tozo ni nzito. Walilalamika pia, na hapa walikuwa na hoja, kwamba kwa miaka mingi theluthi moja tu ya fedha hizo ndiyo iliyokwenda kwenye ufundi stadi. Sisi tunasema wazi: fedha iliyotozwa kwa jina la fundi ifike kwa fundi.

Lakini upande wa pili wa hesabu nao usomwe. Kabla ya mwaka 2013 tozo hiyo ilikuwa asilimia 6. Ilishushwa ikawa 5, kisha 4.5, kisha 4, na mwaka 2023 ikashushwa hadi asilimia 3.5. Mwaka 2021 sheria iliwasamehe pia waajiri wenye wafanyakazi wachache, ikabaki kwa wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Serikali imesikia kilio chao si mara moja. Je, kwa kila punguzo malango mangapi yamefunguliwa kwa wanafunzi wa ufundi? Kwa kila nusu asilimia iliyorudi mfukoni, karakana zimepokea vijana wangapi wa kujifunza? Huwezi kudai upunguziwe mzigo wa kumsomesha fundi, kisha ukasimama jukwaani kulia kwamba nchi haina mafundi.

Wako waajiri wema, nasi tunawaheshimu. Wako wanaopokea vijana, wanawapa viatu na kofia za kazi, wanawaachia mashine chini ya uangalizi. Hao hawatachoma moyo kwa maneno yetu, maana deni tunalolidai wao wamekwisha kulipa. Tunasema na yule anayetuma afisa wake kwenye kikao cha mtaala, akaandika jina kwenye karatasi ya mahudhurio, akanywa chai, na kesho yake mwanafunzi akifika langoni mlinzi anamwambia hapa hatupokei.

KITI CHA TATU

Watu wanaotunga mitaala ya ufundi duniani wanatumia sana njia iliyoanzia Canada mwishoni mwa miaka ya 1960, iitwayo DACUM. Huwaketisha mafundi hodari wa kazi moja, na mwongozaji anawauliza: asubuhi ukifika kazini unafanya nini kwanza? Kisha nini? Ukikosea hapa kinaharibika nini? Majibu yao yanabandikwa ukutani mpaka kazi nzima ionekane. Msingi wa njia hiyo ni kwamba anayeijua kazi ni yule anayeifanya. VETA wanaijua njia hiyo, nasi hatuwafundishi. Tunasema tu: isigeuzwe ikawa kikao cha mameneja. Meneja anajua gharama ya zege. Mwashi anajua zege linalalamika vipi likikosa maji. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Tuchukue zabibu, maana ni mali yetu ya Dodoma. Mzabibu wetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi nyingi zenye sifa ya mvinyo hazina. Hata hivyo kila msimu wa mavuno tunasikia kilio cha wakulima ambao zabibu zao zimekosa mnunuzi, na wengine hukamua wenyewe mchuzi wa zabibu ili usioze shambani. Tuseme inatungwa fani ya usindikaji wa zabibu kwa vijana wa amali wa Hombolo na Chinangali. Nani aiandike?

Ukimwachia mwenye kiwanda peke yake, ataandika cheti cha kuhudumia pipa lake na mtambo wake. Kiwanda kikifungwa, kijana hana kitu. Ukimwachia mwalimu peke yake, ataandika sura nane za historia ya mvinyo na mtihani wa maswali arobaini, na kijana atatoka hajawahi kuosha tangi. Ukimwachia fundi peke yake, atafundisha alivyofundishwa, na kosa la mwalimu wake litarithiwa hadi kwa wajukuu. Waketi wote watatu, ndipo cheti kitasema mambo yote yanayohitajika: kupogoa mzabibu kwa wakati wake, kupima sukari ya zabibu kabla ya kukata, kuosha tangi mpaka lisiwe na harufu, kuangalia joto la mchuzi unapochachuka, kuandika kila kipimo kwenye daftari, na kujua hesabu ya bei ili asipunjwe. Kijana wa namna hiyo anaweza kuajiriwa kiwandani, na kiwanda kikifungwa anaweza yeye na wenzake kuanzisha cha kwao.

Tena kiti hiki cha tatu kina watu wengi kuliko wanaohesabiwa. Katika miji yetu yote, kuanzia Singida hadi Mpwapwa, kazi kubwa ya ufundi hufanywa na mafundi wasiokanyaga chuo: waashi, maseremala, wachomeleaji, mafundi wa gereji. Serikali inao mpango wa kurasimisha ujuzi, ambao fundi wa namna hiyo hupimwa kwa kazi yake na kupewa cheti. Mpango huo ni mzuri, uendelee. Lakini fundi anayestahili kupimwa na mtaala anastahili pia kuulizwa mtaala unapotungwa.

WANAYOSEMA WENYE KUPINGA

Tunajua watakayosema. Watasema mwanafunzi atavunja mashine. Tunajibu: atavunja, kama mlivyovunja nyinyi mlipojifunza. Ndiyo maana kukawa na fundi wa kumsimamia, na ndiyo maana mafunzo yaanze chuoni kabla ya kufika kiwandani.

Watasema mwanafunzi akiumia, nani atajibu? Hili ni swali la haki, na tunataka lijibiwe kwa maandishi kabla mtoto hajavuka lango: bima yake ni ya nani, vifaa vyake vya kinga anavinunua nani, saa zake za kazi ni ngapi. Hawa wa amali wengine bado ni watoto. Asitokee mtu akawageuza vibarua wa bure kwa jina la mafunzo. Kijana aliyefagia stoo miezi mitatu hakufunzwa. Ameibiwa.

Watasema, tukimfundisha atakimbilia kwa mwenzetu anayelipa zaidi. Basi mwenzenu naye afundishe! Kila mmoja akifundisha, anayekimbia kwako leo atafidiwa na anayekimbilia kwako kesho. Anayepata hasara ni mmoja tu, yule anayefundisha peke yake huku majirani wanavuna. Dawa yake ni kuwalazimisha wote.

Na wako walimu watakaosema waajiri hawajui elimu, wanataka mikono tu. Kwa hao tunasema: ndugu zetu, mnalo la kulinda, lilindeni. Hesabu, lugha na uraia visitolewe kwenye cheti ili kumridhisha mtu. Lakini msijifiche nyuma ya darasa. Mwalimu wa umeme ambaye miaka kumi hajaingia penye kazi ya umeme, naye ana haja ya kurudi kujifunza.

TUNAYOYATAKA

Kwanza, kila mwajiri anayeketi kwenye kamati ya kutunga fani aandike idadi ya wanafunzi atakaowapokea kila mwaka, na idadi hiyo ibandikwe hadharani. Asiyeandika asihesabiwe kuwa ameshirikishwa.

Pili, theluthi ya viti katika kila kikao cha kutunga fani iwe ya mafundi wanaofanya kazi hiyo kwa mikono yao, wakiwemo wanawake na wakiwemo wa mtaani, nao walipwe posho ya siku sawa na mabwana wengine, maana fundi akikosa siku moja ya kazi nyumbani hakupikwi.

Tatu, mtihani wa vitendo usimamiwe na mwalimu pamoja na fundi wa kutoka kazini, na ufanyike penye kazi yenyewe kila inapowezekana.

Nne, cheti kiandikwe kwa Kiswahili chepesi, nyuma yake yaorodheshwe mambo anayoweza kuyafanya mwenye cheti, ili mwajiri asibaki kubahatisha maana ya namba. Na vyama vya wafanyakazi vipatane na waajiri juu ya kiwango cha malipo cha kila ngazi.

Tano, kazi za umma. Sheria ya Ajira kwa Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri anayeleta mtaalamu kutoka nje awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Tunataka mipango hiyo ifunguliwe na kusomwa. Kwa kila kazi kubwa hapa Dodoma, iwe reli, uwanja wa ndege au barabara, tuambiwe ni vijana wangapi wanarithishwa, majina ya fani zao, na cheti watakachopata. Mkataba wa Serikali ndio lango kubwa kuliko yote katika mji huu, na ufunguo wake uko mikononi mwa Serikali yenyewe.

Ndugu wanachama, msiyaache maneno haya gazetini. Katika kata yako iko shule ya amali au chuo cha ufundi, au kipo karibu. Nenda kamwulize mkuu wake wanafunzi watafanya mazoezi kwa nani. Kisha nenda kwa mwenye karakana, kwa mkandarasi, kwa mwenye kiwanda cha alizeti au cha zabibu, umwulize atapokea wangapi. Andika majibu yao yote mawili, yapeleke kwenye mkutano wa tawi, na diwani wako ayasikie yakisomwa. Watoto walioingia Januari 2024 wanamaliza mwaka 2027, na hawawezi kuambiwa wasubiri mkutano mwingine.